Wageni au Wenyeji? Masalia ya Monasteri ya Ghazali na Kanisa Lake katika Nubia ya Kikristo

1.0 Utangulizi

Monasteri ya Ghazali ilijengwa katika bonde la Wadi Abu Dom, pembezoni mwa jangwa la Bayuda, kaskazini mwa Sudan. Bonde hilo huwa kavu karibu mwaka mzima. Mvua inaponyesha, maji hupita kwa siku chache tu, kisha huzama mchangani na kubaki huko chini, ambako hufikiwa kwa kuchimba visima. Kutoka monasteri hadi Mto Naili, karibu na mji wa Merowe, ni kilomita zipatazo 15. Umbali huo ulitosha kuwatenga wamonaki na pilikapilika za kandokando ya mto, ila haukuwa mkubwa kiasi cha kuwakatia chakula. Masalia yaliyobaki ni pamoja na makanisa mawili, chumba cha kulia, vyumba vya kuishi na vya kazi, safu ya vyoo, ukuta wa mawe ulioyazunguka majengo hayo, na nje ya ukuta makaburi pamoja na kijiji kidogo.

Suala linaloshughulikiwa katika makala haya ni la asili ya watu walioishi hapo. Je, walikuwa wamonaki wa Kikopti waliohama kutoka Misri na kuhamia na dini, lugha na ufundi wao, au walikuwa Wanubi waliojenga taasisi yao wenyewe kwa vifaa na desturi za nchi yao? Jibu lina uzito. Historia ya Ukristo wa Nubia imeandikwa kwa muda mrefu kana kwamba ni mkia wa historia ya Misri: kila kilichokuwa kizuri kililetwa, na kilichodhoofika kilikuwa cha wenyeji. Ghazali ni miongoni mwa maeneo machache ambako dhana hiyo inaweza kupimwa kwa ushahidi wa majengo, maandishi na mifupa kwa pamoja.

2.0 Usuli wa kihistoria

Baada ya kuanguka kwa ufalme wa Meroe katika karne ya 4, bonde la Naili la kati liligawanyika katika falme tatu: Nobadia upande wa kaskazini, Makuria katikati, na Alodia upande wa kusini. Ukristo wa kidola uliingia humo katika karne ya 6, na kuingia kwake kulihusishwa na mashindano ya Konstantinopoli kuhusu Mtaguso wa Kalkedoni wa mwaka 451. Kaisari Justiniano aliunga mkono maamuzi ya mtaguso huo. Mkewe Theodora aliwaunga mkono walioyapinga. Kwa mujibu wa Yohane wa Efeso, mjumbe wa Theodora, kasisi Juliano, ndiye aliyetangulia kufika Nobadia. Longino aliifuata kazi hiyo baadaye, naye akafika hadi Alodia mnamo mwaka 580.

Yohane wa Efeso hakuisimulia Makuria kwa namna hiyo. Taarifa iliyopo inatoka kwa mwandishi mwingine, Yohane wa Biklaro, anayesema kwamba mnamo mwaka 573 wajumbe wa Makuria walifika Konstantinopoli wakiwa na zawadi za pembe za ndovu na twiga. Taarifa hii fupi ni muhimu kwa mjadala huu. Inaonyesha kwamba ufalme ambamo Ghazali ingejengwa baadaye ulikuwa na mawasiliano yake na ulimwengu wa Bizanti, yasiyopitia lazima kwa mapatriarki wa Aleksandria.

Waarabu waliiteka Misri kati ya mwaka 639 na 642. Mwaka 651 au 652 jeshi la Abdallah bin Saad bin Abi Sarh liliuzingira mji mkuu wa Makuria, Dongola, lakini halikuuteka, na pande mbili zikafikia mapatano yaliyojulikana kwa jina la baqt. Tarehe za Ghazali zinaanzia katika nusu ya pili ya karne hiyohiyo ya 7. Kwa hiyo ni rahisi kuona kwa nini dhana ya wakimbizi iliwavutia wataalamu: Misri inatekwa, na kabla kizazi kipya hakijazeeka monasteri inasimama jangwani huku kusini, ikiwa na mawe ya makaburi yaliyoandikwa Kikopti. Matukio mawili yaliyofuatana hufanana sana na sababu na matokeo. Hata hivyo, kufuatana kwa matukio si ushahidi wa chanzo, na hapa ndipo masalia yenyewe yanapopaswa kuulizwa.

3.0 Historia ya uchimbuaji

Magofu ya Ghazali yalijulikana kwa wasafiri wa Ulaya tangu karne ya 19. Mtaalamu wa Kijerumani Richard Lepsius alipita hapo mwaka 1844 na kuchukua mawe ya makaburi ambayo yalipelekwa Berlin. Uchimbuaji wa kitaaluma ulifanyika mwaka 1953 hadi 1954 chini ya Peter Shinnie na Neville Chittick, waliokuwa watumishi wa idara ya mambo ya kale ya Sudan. Ripoti yao ilichapishwa mwaka 1961. Kuanzia mwaka 2012, kikosi cha watafiti wa Kipolandi kikiongozwa na Artur Obłuski kilirejea mahali hapo na kuchimbua eneo kubwa zaidi la monasteri pamoja na makaburi yake.

Jina la Chittick halitakuwa geni kwa wasomaji wa historia ya Afrika Mashariki. Ndiye aliyehamia Tanganyika mwaka 1957 kusimamia mambo ya kale, akachimbua Kilwa na baadaye Manda. Jambo hili litarejewa katika sehemu ya 6.0, kwa kuwa linahusiana na hoja yenyewe.

Ipo tofauti ya msingi kati ya vipindi hivyo viwili vya kazi. Mwaka 1953 njia ya kupima umri kwa kaboni ilikuwa changa mno, na shabaha ya wachimbuaji wa wakati huo ilikuwa kuweka wazi ramani ya jengo. Kuta zilifuatwa, kifusi kikaondolewa, sakafu ikafikiwa. Ramani iliyopatikana ilikuwa nzuri, lakini kifusi kilichoondolewa ndicho kilichokuwa kimebeba mfuatano wa matukio: lini paa lilianguka, mlango upi uliziba kabla ya mwingine, vigae vipi vilitupwa juu ya vipi. Kilichochimbuliwa hakichimbuliwi mara ya pili. Ndiyo maana sehemu kubwa ya tarehe mpya za Ghazali inatokana na maeneo ambayo Shinnie na Chittick hawakuyagusa.

4.0 Kanisa la Kaskazini

Kanisa kubwa la monasteri, linaloitwa na watafiti Kanisa la Kaskazini, ni basilika ya njia tatu. Sehemu ya chini ya kuta zake ilijengwa kwa mawe ya mchanga yaliyochongwa, na sehemu ya juu kwa matofali. Kuna kanisa la pili, dogo zaidi, upande wa kusini.

Ili kuelewa umuhimu wa ramani ya kanisa hili, ni vyema kueleza umbo la kawaida la kanisa la Nubia. Patakatifu pako mashariki, ndani ya apsi yenye umbo la nusu duara, ambamo makasisi waliketi kwenye ngazi zilizojengwa kufuata ukuta. Madhabahu husimama mbele ya apsi, si ndani yake. Kila upande wa apsi kuna chumba kimoja, na vyumba hivyo viwili huunganishwa kwa ujia mwembamba unaopita nyuma ya apsi, katikati yake na ukuta wa nje wa mashariki. Upande wa magharibi kuna vyumba viwili vya pembeni, na kwa kawaida kimojawapo huwa na ngazi ya kupandia juu. Waumini huingia kwa milango ya kaskazini na kusini. Mimbari ya kusomea husimama upande wa kaskazini wa njia ya kati.

Ule ujia wa nyuma ya apsi ni alama ya Nubia. Kasisi au shemasi aliweza kuvuka kutoka chumba kimoja cha huduma hadi kingine bila kupita mbele ya madhabahu. Huo ni utaratibu wa ibada uliogeuzwa kuwa ukuta, na utaratibu wa ibada ni jambo ambalo jamii ya wamonaki haibadilishi ovyo. Nchini Misri, kwa upande mwingine, kuanzia karne ya 7 makanisa, hasa ya monasteri, yalianza kuwekewa chumba kipana cha kukingama kati ya patakatifu na sehemu ya waumini, kiitwacho khurus. Katika makanisa ya Nubia chumba hicho si cha kawaida. Makanisa makuu ya monasteri za Sohag huko Misri ya Juu yana patakatifu penye apsi tatu zilizopangwa kama jani la majani matatu. Na umbo hilo pia silo lililoongoza ujenzi wa Nubia. Kanisa la Kaskazini la Ghazali liko katika familia ya makanisa ya Makuria, wala si katika familia ya makanisa ya Misri.

Mtu anaweza kupinga kwamba wamonaki wageni wangeweza kuajiri mafundi wenyeji, na fundi hujenga anachokijua. Pingamizi hilo lina nguvu kwa upande wa kuta na matofali. Halina nguvu hiyo kwa upande wa ibada. Fundi anaweza kuamua namna ya kuunganisha jiwe na tofali, lakini hawezi kuwaamulia wamonaki wapite wapi wakati wa misa. Kwa hiyo ramani ya kanisa, zaidi ya ufundi wake, inaelekeza kwa jamii iliyosali kwa utaratibu wa Nubia.

5.0 Monasteri kama mahali pa kuishi

Nje ya kanisa, masalia yanatoa picha ya jamii iliyopangwa vizuri. Chumba cha kulia kinathibitisha maisha ya pamoja, yaani si kila mtawa na pango lake. Safu ya vyoo, ambayo ina zaidi ya matundu kumi, ni jambo lisilo la kawaida katika Nubia ya zama hizo. Wachambuzi wa usanifu wa makanisa wamezoea kulipita jambo hili haraka, labda kwa haya, lakini vyoo vinasema mengi: idadi ya watu waliotarajiwa, nidhamu ya usafi, na uwezo wa kupanga jengo kwa ajili ya umati badala ya kaya.

Karibu na monasteri kulikuwa na kijiji cha watu wa kawaida, na mabaki ya uyeyushaji wa chuma yanapatikana katika eneo hilo. Chuma huhitaji kuni nyingi kwa ajili ya makaa, na hapa ndipo fikra ya monasteri iliyojitenga na dunia inapoanza kulegea. Bonde la Wadi Abu Dom lilikuwa na miti, visima, malisho na kazi. Monasteri ilikuwa katikati ya uchumi huo.

Ushahidi wa kuvutia kuliko wote kuhusu watu wa mahali hapa ulitangazwa mwaka 2023. Wachunguzi wa mifupa walipopiga picha za miale maalumu waliona chale ya wino kwenye mguu wa kulia wa mtu mmoja aliyezikwa Ghazali: herufi za Kigiriki Khi na Ro zilizosukwa pamoja kuwa alama ya Kristo, zikiambatana na Alfa na Omega. Mtu huyo alikuwa mwanamume wa umri wa kati ya miaka 35 na 50, na vipimo vya kaboni vinaweka kifo chake kati ya mwaka 667 na 774. Hakuna ulazima wa kumwona kuwa mmonaki. Kama alikuwa mtu wa kijijini, basi alama ya imani haikuishia mlangoni mwa monasteri; ilichorwa mwilini mwa watu wa bonde lenyewe, katika vizazi vya kwanza kabisa vya uhai wa monasteri.

6.0 Mawe ya makaburi na tatizo la lugha

Hoja kuu ya wanaosema wamonaki walikuwa wageni imejengwa juu ya mawe ya makaburi. Mawe hayo, mengine ya mchanga na mengine ya udongo wa kuchoma, yameandikwa kwa Kigiriki na kwa Kikopti. Katika Makuria Kigiriki kilikuwa lugha ya kanisa na ya dola kwa karne nyingi, kwa hiyo mawe ya Kigiriki hayamshangazi mtafiti. Kikopti ndicho kilichozua swali: kwa nini lugha ya Misri iandikwe mamia ya kilomita kusini mwa mpaka wa Misri, kama si kwa sababu marehemu alitoka Misri?

Dhana iliyofichwa katika swali hilo ni kwamba lugha ya jiwe ni lugha ya nyumbani ya marehemu. Dhana hiyo haishiki. Maandishi ya makaburini hufuata kanuni za sala zilizokwisha kuandaliwa. Anayeyachonga hunakili mfano, hubadilisha jina, cheo, tarehe na umri. Sala ya Kigiriki inayopatikana mara nyingi kwenye makaburi ya Nubia inatokana na liturujia ya maziko ya Kibizanti, na hakuna anayedai kwamba Wanubi waliozikwa chini yake walikuwa Wagiriki. Kama Kigiriki hakimfanyi marehemu kuwa Mgiriki, hakuna sababu ya kimantiki ya Kikopti peke yake kumfanya kuwa Mmisri. Kilichothibitishwa na mawe hayo ni kwamba monasteri ilikuwa na watu waliosomea lugha mbili za kanisa na kuzitumia kwa kuchagua.

Msomaji wa Afrika Mashariki ana mfano wa karibu. Maandishi ya Kikufi katika msikiti wa Kizimkazi, Unguja, yana tarehe ya mwaka 500 Hijria, sawa na 1107, nayo ni ya Kiarabu. Sarafu za masultani wa Kilwa ziliandikwa Kiarabu pia. Kwa miongo kadhaa maandishi kama hayo, pamoja na majengo ya mawe, yalichukuliwa kuwa ushahidi kwamba miji ya pwani ilianzishwa na wahamiaji kutoka ng'ambo, na Chittick mwenyewe alikuwa mmoja wa watetezi wakuu wa mtazamo huo. Uchimbuaji wa Shanga uliofanywa na Mark Horton katika miaka ya 1980 ulionyesha nyumba za udongo na miti chini ya zile za mawe, na mfuatano wa maisha ya mahali pamoja tangu karne ya 8, hata ikawa vigumu kushikilia kwamba mjenzi alishuka kutoka jahazini. Kazi za Felix Chami, Abdurahman Juma na wengine ziliendeleza hoja hiyo. Lugha ya Kiarabu kwenye jiwe ilibaki kuwa ya dini na heshima. Mwenye kuiandika alikuwa mtu wa pwani.

Haimaanishi kwamba Shinnie na Chittick walikosea katika kuchimbua Ghazali, wala kwamba mtazamo wa Chittick kuhusu Kilwa ulizaliwa Sudan. Linganisho hili linaonyesha tu kwamba kosa la kimantiki ni moja: kuchukua lugha ya ibada kuwa cheti cha kuzaliwa. Nubia ilichelewa kulisahihisha kuliko pwani. Kitabu cha Obłuski kuhusu monasteri na wamonaki wa Nubia, kilichotoka mwaka 2019, ndicho kilichowaweka Wanubi katikati ya historia hiyo kwa ukamilifu zaidi.

Hata hivyo, si sahihi kuugeuza mjadala kichwa chini na kudai kwamba hakuna Mmisri aliyewahi kuishi Ghazali. Umonaki wenyewe ulianzia Misri, kwa akina Antonio na Pakomio, na hakuna monasteri ya Nubia iliyokua bila kuijua asili hiyo. Mjini Dongola, kaburi la Askofu Mkuu Georgios, aliyefariki mwaka 1113 akiwa na umri wa miaka 82, lilikutwa katika monasteri ambamo kuta za chumba cha chini cha maziko zimejaa maandishi ya Kigiriki na Kikopti. Lugha hizo mbili ziliishi pamoja katika Nubia kwa karne kadhaa, na mawasiliano ya aina hiyo hayawezi kuendelea kwa vitabu peke yake. Watu nao walikwenda na kurudi. Kinachokataliwa hapa ni hatua ya kutoka "walikuwapo Wamisri" hadi "Wamisri ndio waliokuwa monasteri".

Njia ya kuupima mjadala huu mtu kwa mtu ipo. Makaburi ya Ghazali yamegawanyika katika maeneo manne, na moja kati ya hayo lilikuwa la wanaume watu wazima, jambo linalolitambulisha kuwa la wamonaki. Gamba la jino hufanyika utotoni, nalo huhifadhi alama za kikemikali za maji na chakula cha mahali mtoto alipokulia. Isotopu za strontiamu na oksijeni hutofautiana kutoka mwamba hadi mwamba na kutoka chanzo kimoja cha maji hadi kingine. Tatizo moja la kitaalamu lisisahauliwe: mto ni uleule. Mtoto aliyekulia Misri ya Juu na mtoto aliyekulia Dongola wote wawili walikunywa maji ya Naili, kwa hiyo vipimo hivyo humtenga kwa urahisi zaidi mtu wa jangwani na mtu wa mtoni kuliko Mnubi na Mmisri. Matokeo ya maabara yanayosomwa bila tahadhari hiyo yanaweza kuleta uhakika wa bandia, na huo ni mbaya kuliko ule wa lugha kwa sababu unavaa nguo za sayansi.

7.0 Hali ya ushahidi

Monasteri iliachwa kufikia karne ya 13. Mchanga ulijaa vyumba, na hali ya ukavu ikahifadhi kuta nyingi kwa kimo ambacho hakipatikani kwa urahisi katika maeneo ya mtoni. Nyingine kati ya monasteri za Nubia hazikubahatika hivyo: Qasr el-Wizz, karibu na Faras, ilichimbuliwa na George Scanlon mwaka 1965 kwa haraka, kisha eneo lake likafunikwa na maji ya ziwa la Bwawa la Aswan. Ghazali, kwa kuwa iko mbali na mto, ilinusurika.

Mawe yake ya makaburi yalitawanyika. Mengine yako Berlin tangu siku za Lepsius. Mengi yaliwekwa Khartoum, katika Jumba la Makumbusho la Taifa la Sudan. Vita vilivyozuka mwezi Aprili 2023 vililifikia jumba hilo, nalo liliporwa. Maandishi yaliyokuwa humo yalikuwa yamekwisha kuchapishwa katika orodha mbili za mwaka 2003, ya Kikopti iliyoandaliwa na Jacques van der Vliet na ya Kigiriki iliyoandaliwa na Adam Łajtar. Orodha hizo zina usomaji, vipimo na picha. Kwa mtafiti wa Ghazali, maswali yanayoweza kujibiwa kwa maneno ya jiwe bado yanajibika kupitia kurasa hizo. Yale yanayohitaji jiwe lenyewe, kama vile asili ya mwamba, alama za patasi na mkono wa mchongaji, yanategemea ni mawe mangapi yatakayopatikana tena.